Marashi, Habba Soda na Mizani ya Matabibu Wetu wa Kale





Ndugu msomaji, nina swali. Ukitoka msikitini baada ya tarawehe, pale nje ya lango, kando ya wauza tende na miswaki, si kuna meza ya vichupa? Najua umeiona. Habba soda, mafuta ya zeituni, mafuta ya karafuu, misk, udi, na siku hizi hata mafuta ya khuzama yaliyotoka Ulaya. Hebu kisome kikaratasi kilichobandikwa. Hutibu sukari, presha, kifua, uzazi, hasadi, kukosa usingizi, msongo wa mawazo, na tena huwasaidia wanafunzi kukumbuka masomo. Kichupa kimoja, maradhi yote hayo! Na juu yake maneno makubwa: Tiba ya Sunna. Nani atathubutu kubisha?

Mimi si daktari, na wala sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake ya halali. Nimeamua kuandika manake naona vijana wenzangu wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaocheka, ati hayo ni mambo ya kina bibi, lakini kichupa hichohicho kikija na lebo ya Kizungu kutoka duka la kifahari wanakinunua kwa pesa nyingi na kukinusa kabla ya mtihani. Na kuna wanaomeza kila kitu bila kuuliza, mradi muuzaji ametanguliza Bismillahi. Makundi yote mawili hayajui kwamba haya mafuta na haya maji ya maua yana historia yake, na kwamba katika historia hiyo waliotutangulia walikuwa wakiuliza maswali makali sana.

WARIDI KATIKA MTUNGI

Tuanze Baghdad. Abu Yusuf Yaqub al-Kindi, aliyefariki karibu mwaka 873, wengi tunamjua kama mwanafalsafa. Kumbe pia aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na namna ya kuyakeneka. Ndani yake mna maelezo zaidi ya mia moja ya kutengeneza mafuta ya harufu, maji ya maua na marhamu, pamoja na vibadala vya dawa ghali ambazo si kila mtu aliweza kuzinunua.

Kukeneka ni kazi nyepesi kuielewa. Chini unaweka chombo chenye maji na petali za waridi. Waarabu walikiita qar'a, yaani kibuyu, kwa umbo lake. Juu unakifunika kwa chombo chenye mdomo mrefu, al-anbiq. Ukiwasha moto, mvuke hupanda ukiwa umebeba harufu ya ua, kisha hupita katika ule mdomo, hupoa na kurudi kuwa maji ndani ya chupa iliyowekwa kupokea. Hayo ndiyo marashi. Juu yake huelea mafuta kidogo mno, na hayo ndiyo yenye thamani. Waridi ni ua bahili: inatakiwa maelfu ya kilo za petali ili upate kilo moja tu ya mafuta. Sasa piga hesabu mwenyewe ukiuziwa "mafuta halisi ya waridi" kwa shilingi mia.

Hapa nisimame kidogo. Utasikia katika mihadhara kwamba Ibn Sina ndiye mtu wa kwanza duniani kukeneka waridi. Si kweli. Al-Kindi alifariki zaidi ya miaka mia moja kabla Ibn Sina hajazaliwa, na mtungi wenyewe ulikuwa ukitumiwa na Wagiriki wa Iskandaria kabla ya Uislamu; hata neno anbiq asili yake ni Kigiriki. Dini yetu haihitaji kutiliwa chumvi. Waislamu waliichukua kazi hiyo, wakaiandika kwa vipimo na kuifanya biashara kubwa. Kufikia karne ya 10 mji wa Jur, huko Fars, ulikuwa ukisifika kwa marashi yake, nayo yakisafirishwa mpaka India na China.

Na kwetu pwani je? Angalia mrashi, ile chupa ya shingo ndefu inayopitishwa kwenye maulidi na harusini kunyunyizia wageni. Mrashi na marashi yametokana na neno la Kiarabu la kunyunyiza. Bibi anayekitia ubani chetezo alasiri ya Alhamisi yumo katika historia hiyohiyo, hata kama hajawahi kulisikia jina la al-Kindi.

HUZUNI NAYO NI MARADHI

Vijana wa leo tuna neno letu: stresi. Ada, mitihani, kazi hakuna, nyumbani hakukaliki. Tukilalamika tunaambiwa imani yetu ni ndogo, tuongeze adhkari. Adhkari ni kweli, na Qur'ani imetuambia wazi kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah. Lakini aliyetufundisha adhkari hizo (SAW) hakuona aibu kutaja chakula cha kuliwaza moyo.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.), akifiwa na mtu wa jamaa yake, wanawake wakishakusanyika na kutawanyika, wakabaki wa nyumbani tu, aliamuru kipikwe chungu cha talbina, uji mwepesi wa shayiri. Akieleza kwamba amemsikia Mtume (SAW) akisema kuwa uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Tafadhali lishike hilo neno "baadhi". Hakuahidi kwamba huzuni yote itaondoka. Muuza kichupa ndiye anayeahidi yote.

Karne tatu baadaye akatokea Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika nchi inayoitwa leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alilalamika kwamba matabibu wa wakati wake walishughulika na mwili wakaiacha nafsi, ilhali viwili hivi vimefungamana: mwili ukiumwa nafsi hudhoofika, na nafsi ikiumwa mwili hukosa raha ya chakula na usingizi. Akaieleza hasira peke yake, hofu peke yake, huzuni peke yake, na zile fikra mbaya zinazorudi-rudi kichwani, tunazoziita wasiwasi. Huzuni akaigawa mara mbili. Iko inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali, na hiyo hutibiwa zaidi kwa maneno na fikra. Na iko inayomjia mtu bila ya yeye kujua imetoka wapi. Hiyo alisema chanzo chake kimo mwilini, na mwili ndio utakaotibiwa. Mtu huyu alisema hivyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Leo sisi bado tunamwambia mwenzetu aliyenyamaa kitandani wiki tatu kwamba ajikaze tu.

Ushauri wake mmoja naupenda sana. Alisema kama vile mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani akiwa bado mzima, ajiwekee pia fikra njema za kujiliwaza, azitumie siku dhiki itakapomvamia.

Harufu nzuri ilikuwa na nafasi yake humo. Ibn Sina, aliyeishi kutoka 980 hadi 1037, ana risala maalumu juu ya dawa za moyo, na ndani yake anaeleza kwa nini manukato huufurahisha. Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultan Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeizuru katika karne ya 17, alieleza jinsi wagonjwa wa akili walivyopigiwa muziki na kupewa maua yenye harufu. Jengo hilo lipo hadi leo, limegeuzwa makumbusho. Halab nako kulikuwa na hospitali ya Arghun, iliyoanzishwa mwaka 1354, ambamo maji ya chemchemi yalitiririka uani ili wagonjwa wayasikie.

Lakini zingatia mahali yalipofanyika mambo hayo. Yalifanyika hospitalini, mbele ya tabibu, na ua lilikuwa likisaidia matibabu. Hakuna aliyemwachia mgonjwa ua na kumwambia nenda nyumbani umepona.

MIZANI

Sasa ndugu yangu tumefika pale nilipokuwa nikikupeleka.

Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy aliyefariki karibu mwaka 925, alitaka kujua kama kumtoa mtu damu kunasaidia dalili za homa ya utandu wa ubongo zinapoanza. Matabibu wengi walikuwa wakifanya hivyo. Yeye alifanya nini? Kundi moja alilitoa damu, kundi jingine akaliacha makusudi, kisha akalinganisha. Kwa maarifa ya leo tunajua kutoa damu si tiba ya ugonjwa ule, lakini tazama namna alivyouliza. Daktari wa leo anayepima dawa mpya anafanya jambo la namna hiyohiyo, kwa uangalifu zaidi.

Ibn Sina naye, katika juzuu ya pili ya Qanun, kabla hajaanza kuorodhesha mamia ya dawa za mimea, madini na wanyama, aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Dawa iwe safi, haikuchanganyika na kitu kinachobadilisha nguvu yake. Ijaribiwe kwa maradhi mamoja, isiwe mgonjwa ana maradhi mawili ukakosa kujua imetibu lipi. Ijaribiwe kwa maradhi yanayopingana. Nguvu yake ilingane na nguvu ya maradhi. Itazamwe inaanza kufanya kazi saa ngapi, usije ukaisifu dawa kwa nafuu iliyokuja yenyewe. Matokeo yajirudie kwa watu wengi, manake kilichotokea mara moja huenda kikawa ni bahati. Na ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa kitu kilichomfaa farasi au simba si lazima kimfae mtu.

Chukua masharti hayo saba uende nayo pale kwenye meza ya vichupa. Ni vichupa vingapi vitavuka sharti la kwanza tu?

Najua utanijibu kwa hadithi ya habba soda, na hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim: ndani yake mna shifaa ya kila maradhi ila mauti. Tunaiamini. Ila wanazuoni waliisoma kwa makini kuliko sisi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye kitabu chake cha tiba ya Mtume ndicho wauzaji wengi hukitaja, alieleza kwamba neno "kila" hapo linafahamika kama linavyofahamika mahali pengine katika Qur'ani, si kila kitu bila ya mpaka. Akaona habba soda inafaa hasa maradhi yaliyoitwa ya baridi katika utabibu wa zama zake. Wako walioiacha hadithi kwa ujumla wake. Hata hao sikujua mmoja wao aliyemwambia mgonjwa amkimbie tabibu.

Na Mtume (SAW) mwenyewe je? Abu Dawud amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume alikuja kumzuru, akaweka mkono kifuani pake, kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijua utabibu. Tena katika vitabu vya Sunan mna hadithi kwamba mtu anayejitia kutibu bila ya kujulikana kwa utabibu, basi ana dhamana ya madhara atakayoyaleta. Yaani mafakihi walilichukulia kuwa ni deni la kulipwa. Wauza tiba wa mtandaoni na wa mezani sijui kama hadithi hii wanaibandika kwenye lebo.

Miji ya Kiislamu haikuishia kwenye mawaidha tu. Kulikuwa na muhtasib, mkaguzi wa soko. Al-Shayzari, mtu wa Sham wa karne ya 12, alimwandikia kitabu cha mwongozo, na mna milango ya wauza dawa na ya wauza manukato. Kinataja hila za kuchanganya misk na zaafarani na vitu vya bei rahisi, na njia za kuzifichua. Kwa hiyo vichupa bandia havikuanza jana, na wala sisi hatukuwa wa kwanza kuvichukia.

KARAFUU, YA KWETU HII

Katika mafuta yote ya harufu, lililo letu hasa ni la karafuu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na karafuu ilikuwa ikifika Baghdad kwa majahazi tangu zama hizo za al-Kindi. Miti ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka upande wa Mauritius na Reunion, na Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyeisukuma ikajaa mashambani. Lazima tuseme na upande wa pili: mashamba yale yalilimwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu ambavyo vingetupwa. Mtungi wa al-Kindi, umekuwa mkubwa tu.

Bibi zetu walituwekea karafuu kwenye jino linalouma. Walikuwa sahihi. Ndani ya karafuu mna kitu kiitwacho yujenoli kinachofisha ganzi na kuua vijidudu, na madaktari wa meno hadi leo wanakichanganya na unga wa zinki kuzibia meno kwa muda. Lakini kitu chenye nguvu ya kutia ganzi kina nguvu ya kudhuru pia. Watoto wadogo waliomezeshwa mafuta ya karafuu wamewahi kuharibika ini. Kafuri na mafuta ya mkaratusi vikimezwa na mtoto vinaweza kumtia kifafa. "Ya asili" haina maana ya "haina madhara", na hili Ibn Sina angekuwa wa kwanza kukuambia.

MCHANA WA RAMADHANI

Kinachonitia hofu zaidi ni mwezi wenyewe huu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliacha vidonge vyake vya sukari mwanzo wa Ramadhani akabaki na vijiko vya mafuta ya habba soda, kwa kuwa aliambiwa vidonge ni vya kikafiri. Kumi la pili lilimkuta amelazwa. Alhamdulillahi alipona.

Utafiti wa miaka hii umeonyesha kwamba habba soda huweza kushusha sukari na presha kwa kiasi fulani. Kiasi, tena, lile "baadhi" letu. Hakitoshi kuchukua nafasi ya dawa ya hospitali. Na ukivichanganya vyote, vidonge, habba soda na tumbo tupu kutwa nzima, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazirai barabarani. Kwa hiyo kama mzazi wako anatumia dawa za sukari, presha au za kuyeyusha damu, kichupa kipelekeni kwa daktari mkionyeshe kabla hakijafunguliwa. Msione haya. Daktari akiona mgonjwa huyu asifunge, sheria yetu yenyewe imempa ruhusa.

Kwa stresi ya kawaida, ya mitihani na ya kukosa usingizi baada ya tarawehe, mafuta ya harufu yana kazi yake. Khuzama imefanyiwa utafiti wa kutosha kuonyesha kwamba hutuliza wasiwasi mdogo kwa baadhi ya watu. Usiyameze. Usiyapake matupu, tone moja au mawili ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi yanatosha kusugua shingo na mabega. Mchana wa saumu, kunusa hakubatilishi funga, ingawa sisi wa madhehebu ya Imam Shafi tumefundishwa madrasa kwamba ni bora kuacha mpaka magharibi. Moshi wa udi unaovutwa makusudi ndio wenye khilafu, muulize sheikh wako. Na ikiwa huzuni imekaa wiki mbili na zaidi, chakula huna hamu nacho, au mawazo ya kufa yanakujia, hapo tone la khuzama halikutoshi. Hiyo huenda ikawa ni ile aina ya pili ya al-Balkhi. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, muende spitali.

Talbina nimeahidiwa na mama kwamba haimshindi mtu. Unga wa shayiri vijiko viwili vya mezani, maji kikombe kimoja. Koroga ukiwa baridi kwanza usije ukafanya madonge, kisha weka kwenye moto mdogo dakika kumi hivi, ukikoroga. Ukianza kuwa mzito tia maziwa kikombe, uuache uchemke tena kidogo. Uwe mwepesi na mweupe, manake jina lake lenyewe limetokana na maziwa. Epua, subiri upoe kiasi, ndipo utie asali. Kwa daku unashibisha, na kwa nyumba ya msiba chungu kimoja kinawatosha wa ndani wageni wakishaondoka.